Ndafu, Jogoo na Kitambi cha Baba

Wafugaji wetu wanajua tangu zamani: beberu akihasiwa hunenepa, huyo ndiye ndafu. Mwaka 1849, Mjerumani Arnold Berthold aliwahasi majogoo, kisha akawapandikizia korodani tumboni. Wakawika na kupigana tena. Mwaka 1935 wanasayansi waliipata homoni yenyewe, testosteroni, wakaitengeneza maabara.

Leo mwanaume aliyepungukiwa nayo akitibiwa, mafuta mwilini hupungua na misuli huongezeka, ingawa uzito kwenye mizani huenda usibadilike sana. Lakini dawa hiyo hupunguza mbegu za uzazi. Basi baba au kijana asidungwe kwa ajili ya kitambi tu. Kwanza apimwe damu, daktari aamue.