Skuta si dhaifu, ni rola nzito
Wasee husema skuta haina nguvu mlimani. Nabisha. Gia yake ya mkanda ni ya ukoo wa Variomatic, ambayo Hub van Doorne wa DAF aliitia kwenye gari mwaka 1958 huko Uholanzi, nchi tambarare kama chapati. (Gari hilo lilirudi nyuma kwa kasi ileile ya kwenda mbele, manze!) Ndani ya puli ya mbele ya skuta kuna rola. Injini ikizunguka kasi, zinasukumwa nje, puli inabana mkanda, gia inapanda. Zikiwa nzito, inapanda mapema mno na injini inakabwa. Kabla fundi hajakuuzia silinda kubwa, weka rola nyepesi kidogo. Ndiyo, itakunywa mafuta zaidi. Lakini wewe unaishi Limuru ama Uholanzi?