Neno la Mtoto Mbele ya Hakimu

Kosa la kumnajisi mtoto hutendwa sirini. Aghalabu hapana jicho jingine lililoona ila la mtoto mwenyewe, wala hapana mdomo mwingine wa kueleza ila wake. Kwa hiyo historia ya mashtaka ya namna hii ni historia ya swali moja: neno la mtoto lina uzito gani katika mizani ya hakimu?

Uingereza, ambako sheria nyingi za Afrika Mashariki zilitoka, ililipima kwanza neno hilo kwa dini. Mwaka 1779 mtu mmoja alishtakiwa kumshambulia, kwa nia ya kumbaka, mtoto wa kike asiyetimiza miaka saba. Mtoto hakuitwa kusema. Mama yake na mwanamke mwingine ndio walioeleza waliyosikia kwake. Majaji 12 waliamua kwamba hapana ushahidi ila wa kiapo, na kwamba mtoto, hata wa chini ya miaka saba, aweza kuapishwa iwapo afahamu maana ya kiapo na matokeo yake. Habari ya wanawake wale ilikataliwa, na aliyetiwa hatiani akapata msamaha. Uamuzi ule ulimfungulia mlango mtoto aliyefunzwa dini, ukamfungia asiyefunzwa, ijapokuwa maumivu ya wote wawili ni mamoja.

Sheria ya Uingereza ya 1885 ililegeza kidogo. Mtoto asiyefahamu kiapo aliruhusiwa kusema bila kuapa, lakini mshtakiwa hakuweza kuhukumiwa kwa maneno yake peke yake. Ilitakiwa ithibati nyingine ya kuyaunga mkono. Nyuma ya sharti hilo ilikuwapo hofu ya zamani. Jaji Matthew Hale, aliyefariki mwaka 1676, alikuwa ameonya kwamba shtaka la kubaka ni jepesi kutoa, ni gumu kuthibitisha, na ni gumu zaidi kwa asiye na hatia kujitetea. Hofu hiyo haikuwa ya bure, lakini mzigo wake ulimwangukia mtoto. Uingereza iliondoa sharti la ithibati kwa watoto mwaka 1988.

Katika Afrika Mashariki, Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872 ilitumika Kenya hata 1963, na Tanganyika hata 1967. Mwaka 1959 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika shauri la mauaji lililotoka Kenya, ilieleza kwamba mtoto wa umri mdogo, pasipo sababu maalumu, ni aliye chini ya miaka 14. Tanzania nayo, chini ya sheria yake ya 1967, ilimtaka hakimu amhoji kwanza mtoto: ana akili ya kutosha, na aujua wajibu wa kusema kweli? Mahojiano yaliposahauliwa, ushahidi ulidhoofika au ulifutwa. Kosa lilikuwa la hakimu. Hasara ikawa ya mtoto.

Mwaka 1998 Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ilileta mageuzi makubwa. Mahakama iliruhusiwa kumtia mtu hatiani kwa neno la mtoto peke yake, ikiwa imeridhika kwamba asema kweli na imeandika sababu za kuridhika. Sheria hiyo hiyo iliweka kifungo cha maisha kwa ambakaye mtoto wa kike asiyetimiza miaka 10. Mwaka 2016 mahojiano yaliondolewa: mtoto aweza kusema bila kiapo, mradi kwanza aahidi kusema kweli na si uongo. Hata hivyo, katika miaka iliyofuata, hukumu kadhaa zilitenguliwa katika rufani kwa sababu ahadi hiyo haikuandikwa.

Katika safari hii ndefu sheria iliacha kuuliza mtoto ni nani, ikaanza kuuliza amesema nini. Je, maneno yake yalikuwa mamoja tangu siku ya kwanza? Alimtaja mtendaji mapema? Alisimama imara alipoulizwa na upande wa pili? Kumsadiki mtoto si kuacha kumpima, maana upande wa pili yupo mtu awezaye kumaliza umri wake gerezani. Ndiyo sababu kuandika sababu ni sehemu ya haki yenyewe. Hakimu aandikaye kwa nini amesadiki humlinda mtoto asidharauliwe kwa udogo wake, na humlinda mshtakiwa asihukumiwe kwa huruma tupu.