Kandili Mabawani: Nuru Iliyotoka Baharini

Neno rubani lilizoea maji kabla ya kuzoea hewa. Kwa wazee wa pwani yetu rubani alikuwa mjuzi wa njia, aongozaye chombo baina ya miamba na mafungu hata kikatia nanga salama. Leo mtoto wa Unguja au wa Upareni akilisikia neno hilo, humjia akilini mtu aliyeketi mbele ndani ya ndege. Lugha haikukosea ilipolihamisha neno, maana taa nazo zilihama pamoja nalo. Nyekundu na kijani tuzionazo usiku kwenye ncha za mabawa ni taa za merikebu zilizopandishwa angani, na atakaye kujiundia ndege na kuichagulia taa hana budi kuijua asili yake.

Mabaharia wetu walizitaja pande za chombo kwa kuufuata upepo. Upande wa joshini ni ule upepo utokako, na upande wa demani ni ule uendako. Upepo ukigeuka, majina nayo hubadilishana mahali. Utaratibu huo ulikifaa chombo kilichoishi kwa tanga. Merikebu ya moshi, isiyouomba upepo ruhusa, ilileta mashaka mapya. Taa moja nyeupe gizani ilitangaza kwamba kuna chombo, lakini haikusema kinaelekea wapi. Ndipo mwaka 1848 Uingereza ilipoziamuru merikebu zake za moshi ziwashe nyekundu kushoto, kijani kulia, na nyeupe mlingotini. Mwaka 1858 vyombo vya tanga navyo viliingizwa katika amri hiyo, na mwaka 1889 mataifa yalikutana Washington ili bahari zote ziwe na kanuni moja. Zishikwazo leo ni zile zilizotungwa mwaka 1972 na kuanza kutumika mwaka 1977.

Hekima ya taa hizi imo katika kuficha kama ilivyo katika kuonyesha. Kila moja imezibwa isionekane upande wa mwenziwe. Uonapo nyekundu na kijani kwa pamoja, jua kwamba chombo kinakujia uso kwa uso, na kila mmoja hukata kulia ili mpishane nyekundu kwa nyekundu. Uonapo nyekundu peke yake mkononi mwako wa kulia, mwenzako anakata njia yako, nawe ndiwe upaswaye kumpisha. Hapana haja ya kuitana wala ya kujua lugha ya mwingine.

Ndege zilipoanza kuvuka mipaka, wanasheria hawakubuni alfabeti nyingine. Mkataba wa Paris wa tarehe 13 Oktoba 1919 uliyachukua yale ya baharini: nyekundu bawa la kushoto, kijani la kulia, nyeupe mkiani. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 ukaurithi utaratibu huo. Pwani yetu ilishuhudia ujamaa wa pande hizo mbili mwaka 1937, ndege za maji za Imperial Airways zilipoanza kutua Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Zikiwa majini zilihesabiwa vyombo, na zikiwa juu zilihesabiwa ndege, lakini kanuni za kote kuwili zilitaka nyekundu kushoto na kijani kulia.

Sasa na tupande bara hadi Kifaru, chini ya milima ya Upare wa Kaskazini, kando ya barabara itokayo Same kwenda Moshi. Tumfikirie fundi wa huko aliyejiundia ndege ndogo uani mwake. Wazo hilo si ndoto tupu katika Afrika Mashariki, kwani mwaka 2011 habari za Chris Nsamba na wenzake, waliokuwa wakiunda ndege uani huko Ntinda, Kampala, zilienea duniani. Fundi wetu wa Kifaru ana jirani mkubwa, Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro, uliofunguliwa mwaka 1971. Hivyo hatakuwa peke yake angani, na achague taa gani?

Zamani angetia globu nyuma ya kioo cha rangi, na kioo hicho kingemeza sehemu kubwa ya nuru. Taa ya LED huizaa rangi yenyewe. Nyekundu yake ilionekana mwaka 1962 kwa kazi ya Nick Holonyak, na buluu yenye nguvu, iliyofungua njia ya nyeupe, ilifuata katika miaka ya 1990, ikawapatia Akasaki, Amano na Nakamura Tuzo ya Nobel mwaka 2014. LED hula umeme kidogo, haitoi joto jingi, na huvumilia mtikisiko. Hata kimulimuli cheupe cha kuzuia ndege zisigongane, ambacho kwa miaka mingi kilitegemea mrija wa gesi ya zenoni na umeme wa nguvu kubwa, sasa chaweza kuwa LED.

Lakini wingi wa mwanga haujawa usemi. Taa ya kila bawa yatakiwa ionekane kuanzia mbele moja kwa moja hadi nyuzi 110 upande wake, na nyeupe ya mkiani ijaze nyuzi 140 zilizosalia. Kanuni za Marekani hudai nyekundu na kijani zifikie kandela 40 kwa mbele, na kimulimuli kimete mara 40 hadi 100 kwa dakika. Kandela, kipimo cha nuru, ina nasaba moja na kandili yetu, iliyotufikia kwa Kiarabu. LED hurusha nuru mbele yake tu, basi iliyopachikwa vibaya huacha pembe yenye giza. Isitoshe, vifaa vyake vikiwa duni huweza kutia kelele redioni.

Tena kuna ukungu wa Upare. Ndani ya wingu kimulimuli humrudia rubani machoni na kumpoteza, hivyo hukizima. Wala Kindoroko, wenye zaidi ya mita 2,100, hauwashi taa ya kumwonya mtu.

Basi kabla ya kuruka, fundi na aiwashe ndege yake uani usiku usio na mwezi, kisha aizunguke kwa miguu toka omo hadi tezi. Mbele kabisa aone rangi zote mbili. Akienda upande wa bawa la kulia aone kijani pekee, nyuma nyeupe pekee, na akirejea kwa kushoto aone nyekundu pekee. Iwapo popote katika mzunguko huo ataona giza, au rangi isiyo ya upande huo, ndege hiyo isiruke usiku, maana atakayekutana nayo angani hana kingine cha kuisoma.