Utando wa Vyumba vya Ubongo na Njia ya Mbale

Msafiri atokaye Ndalu, akaipa Kitale kisogo na kushika njia ya Kamukuywa, Kimilili na Chwele, huku mlima Elgon, ambao Wabukusu huuita Masaba, ukimwandama mkono wa kuume, hufika mto Lwakhakha, na ng'ambo ya mto huo huingia Uganda, katika nchi ya Wagisu, ndugu wa Wabukusu kwa lugha na kwa jando. Mbele yake uko mji wa Mbale, ambao katika karne hii umepata nafasi katika tarehe ya tiba kwa sababu ya utando mmoja mwembamba uliofichika ndani ya kichwa cha binadamu.

Ubongo una vyumba vinne vilivyojaa maji maangavu: viwili vikubwa kushoto na kulia, cha tatu chembamba katikati, na cha nne nyuma, juu ya mwanzo wa uti wa mgongo. Kuta zake zimetandazwa ependima, utando wa tabaka moja la seli, nyingi zikiwa na vinyweleo vidogo mno vinavyopunga bila kukoma na kuyasukuma maji. Mahali fulani utando huo hukunjamana pamoja na vijishipa vya damu ukawa mashada, pleksasi ya koroidi, na mashada hayo ndiyo chemchemi kuu ya maji yenyewe: mtu mzima hutengeneza kiasi cha nusu lita kwa siku, ilhali kichwani na mgongoni mwake hamkai kwa wakati mmoja ila mililita 150 hivi. Mifereji ya kuyatoa ikiziba, maji hujaa, na kichwa cha mtoto mchanga, ambacho mifupa yake haijaungana, hutanuka. Ndiyo maradhi ambayo watu wetu huyaita kichwa maji.

Wahenga wa elimu waliviheshimu vyumba hivi kuliko kuta zake. Galen alidhani kwamba vina roho nyepesi iendeshayo hisia na mwendo, na Ibn Sina akaziweka humo fahamu, fikira na kumbukumbu, kila moja katika chumba chake. Fikira hizo zilitawala karne nyingi, na utando ukabaki kama chokaa ya ukutani isiyosailiwa na mtu, hata mwaka 1836 ambapo Jan Purkinje alieleza mwendo wa vinyweleo vyake. Tabibu wa Chicago, L'Espinasse, alithubutu mwaka 1910 kuyachoma mashada kwa chombo cha kutazamia kibofu. Walter Dandy wa Baltimore akayakata mwaka 1918, na aghalabu watoto aliowapasua walifariki. Baada ya vali ya Holter kupatikana mwaka 1956, waganga wengi waliuelekea mrija wenye vali, unaoyachukua maji kutoka kichwani hadi moyoni, na baadaye hadi tumboni, wakaisahau njia ya mashada.

Mrija huo umeokoa roho nyingi, wala sitaki kuupunguzia fadhila zake. Lakini karibu nusu ya mirija ya watoto huharibika ndani ya miaka miwili, na mrija uzibapo, saa za kumwokoa mtoto ni chache. Kwa mzazi aishiye jirani na hospitali kubwa hiyo ni taabu. Kwa mzazi wa shambani, mwenye mto na mpaka mbele yake, inaweza kuwa msiba. Dhiki hiyo ya masafa ndiyo iliyomshughulisha Benjamin Warf, mpasuaji wa Marekani aliyehamia Uganda na jamaa yake mwaka 2000, akaanza kazi katika hospitali ya watoto ya CURE mjini Mbale. Aligundua kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa wake walipatwa baada ya maambukizo ya utotoni, mengi yakiwa ya mwezi wa kwanza wa maisha, yaliyoiunguza ependima na kuacha makovu yaliyoziba mfereji mwembamba uunganishao chumba cha tatu na cha nne.

Akaifufua njia iliyoachwa: kwa endoskopi inayopindika alitoboa sakafu ya chumba cha tatu ili maji yapate mlango mwingine, kisha akaunguza mashada ya vyumba viwili vikubwa. Mwaka 2005 alitangaza habari za watoto 550: kwa walio chini ya mwaka mmoja, kutoboa peke yake kulifaulu kwa 47 katika kila 100, na kutoboa pamoja na kuunguza kwa 66. Mwaka 2017 yalitangazwa matokeo ya watoto 100 wa Mbale, waliogawanywa kwa kura baina ya mrija na njia hiyo, wakapimwa akili baada ya miezi 12, wala haikuonekana tofauti ya kutegemewa baina yao. Ila yule aliyeponea njia ya pili hurudi kwao bila mrija mwilini, na mama yake hupungukiwa na hofu usiku wa mvua Lwakhakha inapofurika.