Fimbo, Neno na Mwalimu: Kutoka Biharwe hadi Nakivale

Biharwe, jirani ya mji wa Mbarara, hukumbukwa kwa kupatwa kwa jua kunakohusishwa na mwaka 1520. Mapokeo husema kwamba jeshi la Bunyoro, lilipokuwa likirejea na ng'ombe wa nyara, liliingiwa na hofu giza lilipotanda mchana, likakimbia na kuacha mateka yake. Hofu hiyo tunaisimulia kwa fahari. Ipo hofu nyingine tusiyoisimulia, nayo ni ya mtoto wa kike aiogopaye shule yake.

Kusini ya hapo, katika wilaya ya sasa ya Isingiro, makazi ya Nakivale yamepokea wakimbizi tangu yapata mwaka 1960: kwanza Wanyarwanda, baadaye Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Wengi wao hukutana katika Kiswahili. Hivyo basi, sisi walimu wa lugha hii huenda tukawa wa kwanza kusikia malalamiko ya mtoto.

Sheria haikukaa kimya. Mwaka 2006 Wizara ya Elimu ya Uganda ilikataza viboko shuleni, na marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 yakalitia nguvu katazo hilo. Mwaka 2007 kumwingilia mtoto kulihesabiwa kuwa kosa zito zaidi iwapo mkosaji ana mamlaka juu yake. Mwalimu anayo mamlaka hayo.

Pengine mtu atauliza: fimbo na udhalimu wa kijinsia vinahusianaje? Jibu ni kwamba mtoto aliyezoezwa kuchapwa anapojibu, hawezi kumshitaki mkubwa amshikaye kwa nguvu. Katika wilaya ya Luwero, kati ya 2012 na 2014, shule 42 za msingi zilichunguzwa. Katika zile ambazo walimu na wanafunzi walijifunza pamoja malezi yasiyo ya kipigo, asilimia 31 ya wanafunzi walisema wamepigwa na watumishi wa shule katika wiki iliyopita. Katika zile nyingine, karibu asilimia 49. Mafanikio hayo ni makubwa, lakini hayajatosha, kwani hata hiyo 31 ni karibu mtoto mmoja katika kila watatu.

Nasi tunao wajibu wetu wa lugha. Tunaposema kwamba msichana "amenajisiwa", tunamtwika yeye unajisi wa mwenzake. Heri tufundishe kusema "amebakwa", "amedhulumiwa", ili aibu imwendee mtenda. Tuyafundishe maneno hayo wazi, kwa wavulana na wasichana, katika insha na mijadala, na kila mtoto ajue ni mwalimu gani wa kumwendea.

Wahenga walinena: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Tukimlea katika kunyamaza, atakua akinyamaza.