Kutoka Samesame hadi Nyeupe ya Lulu

Watu wa Tabora walikuwa wakikataa rangi isiyolingana na matakwa yao tangu kabla gari la kwanza halijaingia mjini. Mwaka 1871, Henry Morton Stanley alipokuwa Unguja akifunga mizigo ya kwenda kumtafuta David Livingstone, shanga zilimsumbua sana. Alijifunza kwamba Unyamwezi, nchi yetu hii, wanapokea samesame, zile nyekundu, na nyingine wanazirudisha. Nyeusi zilikuwa fedha Ugogo, lakini ukishavuka Ugogo hazina kazi. Nyeupe zilikubalika Ufipa, lakini Ukonongo zingedharauliwa. Mwishowe alinunua aina 11, zikajaza magunia 22. Miaka 14 kabla yake, Novemba 1857, Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, mahali ambapo leo ni Tabora, na Burton akaandika kwamba aina za shanga katika biashara ile zilikuwa kama 400.

Habari hizi nazisoma kwa jicho la kazi yangu. Mimi ni fundi rangi wa magari hapa Tabora. Ninajua maana ya kuleta kitu kutoka mbali, ukakiweka mbele ya mwenye haja nacho, akakitazama mara moja na kusema, "Rangi siyo hii." Msafara wa Stanley ulitoka Bagamoyo mwezi wa Machi na kufika Unyanyembe, yaani hapa Tabora, mwezi wa Juni. Mpagazi alibeba frasila mbili hivi, karibu kilo 32, akipita pori na mbuga za Ugogo. Shanga zenyewe nyingi zilitengenezwa Venice, zikapita mikononi mwa wafanyabiashara wa Bombay na Unguja. Lakini hukumu haikutolewa Venice wala Unguja. Ilitolewa sokoni Unyanyembe, na mama aliyeleta mtama wake akataka kulipwa kwa kile anachokijua.

Ndiyo maana tajiri wa pwani aliyekuwa na akili aliwauliza Wanyamwezi kabla ya kununua. Wao ndio walioishika njia ile, walikwenda pwani na kurudi mwaka hadi mwaka, na walijua mwaka huu Ujiji wanataka nini na Urambo wanataka nini. Funzo hilo la njia ya misafara ndilo ninalolifanyia kazi hadi leo: rangi hupikwa mbali, lakini hupimwa mwisho wa njia.

Reli ndiyo iliyowapumzisha wapagazi. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tangu hapo rangi zikaja kwa makopo ndani ya behewa. Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa baba yangu mkubwa, aliyepaka rangi kwenye karakana ya reli enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, wakati zile injini kubwa za Garratt zilikuwa zimepakwa rangi ya damu ya mzee. Alikuwa mtu wa brashi. Alikoroga kopo kutoka chini kabisa, kwa sababu unga wa rangi hutuama na mafuta hubaki juu. Ukichota juujuu, ubavu wa kwanza wa behewa utakuwa mwepesi na wa mwisho utakuwa mzito. Kila kazi ilipokwisha alibakiza rangi kidogo kwenye kikopo chenye mfuniko, akaandika juu yake tarehe na ilipotumika. Siku behewa lile likirudi limekwaruzwa, anacho cha kulinganishia.

Alinifundisha pia kwamba rangi haipimwi chini ya taa. "Itoe nje mwanangu," alikuwa akisema. "Itazame kivulini, kisha juani. Ikikubali kote, ndiyo hiyo." Baadaye nilijifunza sababu yake. Rangi mbili zilizochanganywa kwa unga tofauti zinaweza kufanana kabisa chini ya mwanga wa aina moja, zikaachana chini ya mwanga mwingine. Mzee hakusoma fizikia, lakini alikuwa na macho na subira.

Kwenye magari, mapinduzi yalitokea mwaka 1923, kampuni ya DuPont ya Marekani ilipoleta Duco, rangi ya nitroselulosi inayopulizwa kwa upepo wa kompresa. Kabla ya hapo gari lilipakwa kwa brashi na vanishi, na kukauka kulichukua siku nyingi. Rangi hii mpya ilikauka upesi, na ilikuwa na wema mmoja mkubwa kwa sisi mafundi wa kurekebisha: thina iliweza kuilainisha tena hata baada ya kukauka. Ukipuliza mahali palipogongwa, ukingo wa rangi mpya unayeyuka na kushikana na ya zamani. Ukimaliza unasugua kwa kipolishi, na jicho la kawaida halioni ulipoanzia.

Huku kwetu magari yaliongezeka baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, na mabaki ya mitambo ya vita yakaletwa kulima mapori yetu. Karanga zilishindwa na mradi ukaachwa mwaka 1951, lakini Urambo ikabaki na mashamba ambayo baadaye yalipandwa tumbaku. Mwaka 1948 ikazaliwa Land Rover, yenye bodi ya aluminiamu na rangi ya kijani iliyotokana na akiba ya jeshi. Rangi nyingi za magari ya zama hizo zilikuwa bapa, hazina chembe za kumetameta ndani yake. Fundi mwenye nyeupe, nyeusi, manjano, buluu na nyekundu alichanganya kwa kijiti, akapaka tone kwenye bodi yenyewe, akangoja likauke, akaongeza kidogo. Kijani kilichopauka kwa jua alikifuata kilivyopauka.

Kisha ikaja miaka ya dhiki. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilikosekana na vipuri vikawa adimu. Gari likigongwa lilivikwa mlango wa gari jingine lililolala, na likatembea hivyo hivyo, bodi nyeupe na mlango wa buluu. Wengine walipaka rangi ya mafuta ya kupakia milango ya nyumba. Nasema kwa heshima kwamba mafundi wa wakati ule walifanya kazi kubwa. Magari yale yalipeleka wagonjwa hospitali ya Kitete na kubeba tumbaku hadi stesheni. Na hayakumdanganya mtu: kila aliyeyaona alijua yamegongwa wapi.

Mlango wa biashara ulianza kufunguliwa mwaka 1984, serikali iliporuhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Miaka iliyofuata yakamiminika magari yaliyotumika kutoka Japani, na kwa fundi rangi dunia ikageuka. Rangi ikawa tabaka: praima, kisha rangi yenyewe, kisha klia, ile angavu isiyo na rangi, juu yake. Ndani ya rangi mkawa na vipande vidogo mno vya aluminiamu. Fungua boneti ya Toyota uangalie kile kibati. Mbele ya herufi C/TR utaona namba. 040 ni nyeupe bapa, na hiyo haina matata. 1F7 ni rangi ya fedha, na hapo shughuli huanza. 070 ni nyeupe ya lulu, ambayo kati ya rangi na klia ina tabaka jingine la lulu, na kila mkono wa bunduki ya kupulizia ukiongezeka rangi inabadilika.

Wengi wanaamini namba ile inamaliza kazi. Namba inakuambia gari lilitoka kiwandani na rangi gani. Haikuambii limekaa miaka mingapi juani. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Mei hadi Oktoba tunakaa bila mvua, jua na vumbi juu ya boneti kila siku. Tena rangi ya metaliki husikiliza mkono wa mpulizaji. Ukipuliza kwa mbali, au ukatumia thina inayoruka haraka kwenye joto la Oktoba, rangi inatua nusu kavu na kuonekana nyepesi zaidi. Ukipuliza karibu na kuilowesha mno, vile vipande vinazama na rangi inakuwa nzito. Kopo ni lilelile, na rangi zimekuwa mbili.

Mwalimu mmoja kutoka Sikonge aliniletea Corolla yake ya rangi ya fedha. Mlango wa nyuma ulikuwa umerekebishwa kwenye gereji ya mji mwingine. Asubuhi kivulini ulikaribia kufanana; saa sita mchana ulikuwa kama umeazimwa.

"Fundi, waliniambia itajilinganisha yenyewe baada ya muda," akasema.

"Mwalimu, rangi haina tabia hiyo," nikamjibu. "Na kama ni kuufanya usionekane, itabidi nipulize mpaka mlango wa mbele na ubavu wa nyuma."

"Kilichogongwa ni mlango mmoja. Mbona unanidai sehemu tatu?"

Swali lake ni la haki, na mafundi wengi hulikimbia. Nilimtoa nje nikamwonyesha. Jicho linashika tofauti pale rangi mbili zinapokutana kwenye mstari ulionyooka, na ukingo wa mlango ni mstari ulionyooka. Dawa ni kuipeleka rangi mpya kwenye sehemu za jirani ikipungua kidogokidogo hadi iishe katikati ya bati, kisha kupiga klia sehemu nzima. Kabla ya hapo nilisugua rangi ya zamani kwa kipolishi ili nijue sura yake halisi, nikapuliza vibati vya majaribio, kila kimoja na klia yake, na mwalimu akachagua mwenyewe saa sita mchana. Aliondoka na gari moja lenye rangi moja.

Vijana wanaoingia kwenye kazi hii nawaomba warudishe kikopo cha baba mkubwa. Andikeni mchanganyiko mliotumia na thina mliyotia, bakizeni rangi kidogo, na mpeni mwenye gari nakala. Msimwambie mteja kwamba muda utarekebisha. Anayetaka sehemu moja tu kwa sababu mfuko hauruhusu, mfanyieni, lakini mwambieni mapema kwamba itaonekana.

Nawe mwenye gari, usilipe jioni wala chini ya taa ya gereji. Dai kibati cha majaribio kabla bunduki haijagusa bodi yako, kiegemeze kwenye mlango wako, ukitazame kivulini na juani, mbele na ubavuni. Ukinunua gari la mkononi, fanya vivyo hivyo, kwa maana rangi zisizolingana zinaweza kuwa dalili ya ajali ambayo muuzaji huenda hakuitaja. Wazee wa Unyanyembe walikuwa na haki ya kurudisha shanga isiyo rangi yao. Haki hiyo unayo na wewe, itumie.