Irma Stern na nyuso za Wamangbetu

Ukitoka Bunia ukashika njia ya Komanda na Mambasa hadi Nia-Nia, kisha ukakata kaskazini kuelekea Wamba na Isiro, unaingia nchi ya Wamangbetu. Mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto Ulaya, mchoraji Myahudi Irma Stern alifunga safari kutoka Cape Town kuja Kongo. Miongoni mwa watu aliowachora katika safari zake za huku ni hao Wamangbetu, majirani zetu sisi wa Bunia.

Stern alizaliwa 1894 huko Schweizer-Reneke, Afrika Kusini, kwa wazazi Wayahudi wa Kijerumani. Katika Vita vya Makaburu Waingereza walimfunga baba yake, na baadaye familia ikahamia Ujerumani. Uchoraji alijifunza huko, akalelewa kisanaa na mchoraji Max Pechstein, na mwaka 1919 akafanya maonyesho yake ya kwanza Berlin. Alirudi Cape Town 1920. Miaka miwili baadaye picha zake ziliwakera watu hata polisi wakaitwa.

Hitler alipotwaa madaraka 1933, Ujerumani ikafungwa kwake. Mtu wa Bunia, mji uliojaa waliokimbia vijiji vyao, hahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Stern akaelekea huku kwetu: Zanzibar 1939 na 1945, Kongo 1942, 1946 na 1955. Mwaka huo wa 1942 alionyesha kazi zake Elisabethville, Lubumbashi ya leo.

Zanzibar alinunua mbao kuukuu za milango, zile zenye nakshi za maua na minyororo, akazifanya fremu. Ukitazama picha ya Mwarabu mzee, jicho linapita kwanza kwenye kazi ya fundi wa Kiswahili, asiyetajwa popote, kabla ya kuufikia uso. Moja ya picha za mwaka 1945 iliuzwa London mwaka 2011 kwa zaidi ya pauni milioni 3.

Nyumba yake Cape Town ilifunguliwa kuwa makumbusho 1971, miaka mitano baada ya kifo chake, na mwaka 2025 Brücke-Museum ya Berlin ikamfanyia maonyesho makubwa. Ni haki yake. Lakini alisafiri Kongo kama mzungu chini ya serikali ya Wabelgiji, na picha zake nyingi zimebaki na jina la kabila tu: mwanamke wa Kitutsi, bibi harusi wa Kimangbetu. Historia ya mateso ya Wayahudi isifunike hilo, wala hilo lisifute mateso yake.

Kwa hiyo naomba nakala za picha hizo, hata za karatasi, zitundikwe Isiro na Bunia wakati wazee wangalipo. Desturi ya lipombo, ya kufunga vichwa vya watoto wachanga virefuke, ilikoma enzi za ukoloni, ila wapo waliolelewa na bibi wenye vichwa hivyo. Hao wanaweza kutueleza msuko wa nywele unaoonekana pichani ulikuwa wa ukoo gani, na pengine hata kumtambua aliyechorwa.